Mkeka Uliofika Mlangoni kwa Raya

Paukwa!

Pakawa!

Ukindu?

Wa mkeka!

Mkeka?

Wa mgeni!

Mgeni akiondoka?

Ukunjwe!

Na asipoondoka?

Mmenyamaza. Basi tegeni masikio.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wasusi. Jina lake silijui, na aliyenihadithia naye hakulijua. Watu wa kijiji hicho walisuka ukindu. Wanawake walisuka, wanaume walisuka, na waliogombana waligombana huku wanasuka. Ukipita asubuhi ungesikia chwa, chwa, chwa, nyumba hadi nyumba, kama kuku wanaochakura majani makavu.

Walikuwa na mila yao. Mtu akifa, kijiji kizima kilisuka mkeka mmoja mpya wa matanga. Aliyekuwa karibu zaidi na marehemu aliukalia siku arubaini. Hakukanyaga chini. Alikula hapo, alilala hapo, alipokea pole hapo. Alfajiri ya siku ya arubaini alisimama, akaukunja kwa mikono yake mwenyewe. Basi, matanga yameanuliwa. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuukunja, hata jumbe. Na mkeka ukiwa bado chini, hapakupigwa ngoma wala hapakuozeshwa mtu.

Mtauliza, na haja je? Wazee wa kale hawakuwa wajinga. Mkeka wa matanga ulikuwa na mkia. Walisuka ukili mmoja, utepe mpana wa ukindu, wakaushonea pembeni mwa mkeka, ukatoka mlango wa uani mpaka msalani. Mwenye msiba alipita juu yake akaenda, akapita juu yake akarudi. Mila haikuvunjwa na mtu hakuaibika.

Ushikeni huo mkia. Tutarudi kwake.

Katika kijiji hicho alikuwako mwanamke aitwaye Mize, mke wa Vuai. Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza Mboja, msichana wa miaka minane, mwenye pengo mdomoni na maneno mengi. Wa pili Machano, mvulana, bado ananyonya.

Siku moja Mize alikuwa na mkeka wa kumalizia, na ukindu ukamwishia.

"Mboja, nenda bondeni ukanikatie ukindu."

"Mama, mvua inakuja."

"Mvua haijaua mtu. Nenda. Na usirudi mikono mitupu."

Mboja akaenda. Mvua ikaja. Jioni Mboja akarudi, maji yanamchuruzika, tita la ukindu kichwani.

"Nimeleta, mama."

Siku ya pili akashikwa na homa. Siku ya nne akafa.

Hivyo tu. Hadithi nyingine hapo zingeweka jini au nyoka. Hii ina homa.

Wakamzika. Wakasuka mkeka, wakashona mkia. Mize akakaa. Lile tita alilifunga juu ya boriti, akasema asiliguse mtu.

Siku ya arubaini, alfajiri, wanawake wakaja na sufuria la uji.

"Mize, siku imefika."

"Nimesikia."

Hakusimama. Wakangoja. Jua likapanda. Wakanywa uji, wakaondoka. Siku ya arubaini na moja wakaja tena, na uji mwingine. Wakanywa, wakaondoka. Siku ya arubaini na tano unga ukawaishia, wakaacha kuja.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokuwa ndani ya Mize, maana nje palionekana mtu amekaa tu. Siku zile arubaini alilia. Siku ya arubaini na moja machozi yakakatika, akadhani ndio mwisho. Kumbe yalipoondoka maji, palibaki tope. Mikono ikawa mizito, miguu ikawa mizito, hata kugeuza shingo ilikuwa safari. Wali mdomoni ulikuwa kama ukindu. Mchana alisinzia, usiku alikodoa macho. Sauti yake mwenyewe ikawa inamrudia: "Mvua haijaua mtu." Mara kumi kwa siku. Mara ishirini. Na kila alipotaka kusimama, wazo moja lilimkalia magotini: nikiukunja mkeka, nimemkunja na Mboja.

Kwa hiyo hakuukunja.

Watu walimsaidia kwa namna zao. Shangazi yake akaja akasema, "Mimi nimezika watano, na nimesimama." Mganga akaja na ubani, akafukiza mpaka kuku wakakohoa. Jumbe Ngwali akaja, akamsomea mila yote tangu mwanzo, naye Mize alikuwa anaijua. Wote wakaondoka. Mize akabaki.

Mumewe, Vuai, alilima. Alirudi, akaweka chakula ukingoni mwa mkeka, akalala barazani. Naye alikuwa na yake.

Kisimani wanawake wakasema, "Mwenzetu ameota mizizi."

"Mmwagilieni maji, huenda akazaa."

Wakacheka. Kisima hakikuwa mbali, Mize akasikia. Hakukasirika. Kukasirika nako kulitaka nguvu.

Tena palikuwa na kijana mmoja, Faki, aliyekuwa amechumbia. Kila Ijumaa alikuja dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Bado?"

"Bado."

"Haya. Mimi sina haraka."

Alikuwa nayo.

Na Machano? Maziwa ya Mize yalikatika siku ile Mboja alipokufa. Raya, dada yake Vuai, akamchukua mtoto akasema, "Wifi, nakaa naye siku mbili." Nyumba ya Raya ilikuwa ya saba kutoka hapo. Siku mbili zikawa miezi miwili, miezi miwili ikawa miaka miwili. Mwanzoni Raya alimleta, lakini mtoto alilia, chumba kilikuwa na giza. Akawa anamleta mara mojamoja. Halafu akawa hamleti.

Asubuhi moja Mize akasikia nyayo nyuma ya ukuta, za mtu mzima na za mtoto. Chap, chap. Tipi, tipi, tipi.

"Mama," sauti ya mtoto ikasema, "nani anakaa humu?"

Raya akamshika mtoto mkono. Akasema, "Humu anakaa bibi wa mkeka."

Tipi, tipi, tipi. Wakapita.

Mize akajua mambo mawili. La kwanza, mwanawe anajua kusema. La pili, neno "mama" ameshampa mtu mwingine. Mboja alichukuliwa na kifo. Huyu alikuwa hai, nyumba ya saba, naye alikuwa anampoteza vilevile, kwa kukaa. Akaiambia miguu yake isimame. Miguu haikusimama.

Chumbani mlikuwa na mtu wa pili. Sijamtaja bado, na hata watu wa kijiji hawakuwa wakimtaja. Alikuwa Bi Kazija, mkongwe wa wasusi. Watoto waliporudi bondeni na ukindu, yeye ndiye aliyeyapokea matita, akayapima kwa mkono kabla hayajapelekwa nyumbani. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini vidole vyake viliona. Maneno yake mengi alikuwa ameyatumia ujanani; yaliyobaki aliyatoa kwa kibaba. Alikuja kwa Mize tangu siku ya kwanza ya matanga. Alikaa pembeni, akasuka, akaondoka. Hakumwambia asimame. Kwa kuwa hakusema lolote, watu hawakumhesabu miongoni mwa waliosaidia.

"Bi Kazija," akasema Mize, "miguu imekataa."

"Naona."

"Sitaki kuukunja huu mkeka."

"Usiukunje."

Mize akageuza shingo. Safari nzima.

"Watu wote wananiambia niukunje."

"Wao wana harusi."

Chwa, chwa, chwa.

"Unataka kwenda wapi?" akauliza Bi Kazija.

Watu walikuwa wamemuuliza Mize mengi kwa miaka miwili, lakini hilo hawakumuuliza.

"Kwa Machano."

"Haya."

Bi Kazija akachukua ule ukili aliokuwa akiusuka, akaushonea kwenye mkeka, upande wa mbele. Ukafika kizingitini.

"Mkia wa nyuma upo," akasema. "Huu ni wa mbele."

Akaenda zake.

Siku ya tatu Mize akasimama juu ya ukili. Hatua ya kwanza, kimya. Hatua ya pili, kimya. Hatua ya tatu akafika mlangoni, jua likampiga usoni. Akarudi, akalala siku mbili. Bi Kazija alipokuja hakumpongeza wala hakumlaumu. Akashona ukili wa pili.

Ukili ukafika barazani. Ukafika jikoni. Ukafika uwanjani. Msidhani Mize alikuwa anakwenda mbele tu. Siku nyingine mkeka ulikwenda mbele na Mize akarudi nyuma. Siku nyingine hakuamka kabisa, Bi Kazija akashona peke yake. Wiki moja mbuzi akala hatua tatu za mkeka, wakaanza tena pale alipoachia mbuzi.

"Vidole vyangu vimechoka," akasema Bi Kazija siku moja. "Shika huku."

Vidole vya Bi Kazija havikuwahi kuchoka tangu azaliwe. Mize alilijua hilo, lakini akashika. Mikono yake ilikuwa imesahau, halafu ikakumbuka. Chwa. Chwa. Chwa.

Mkeka ukafika kisimani. Wale wanawake wakamwona Mize anakuja, wakatazama ndoo zao. Mmoja akasema, "Karibu, shoga." Mwenzake akasema, "Sogea, mpishe apite." Hawakusema tena habari za mizizi.

Lakini mkeka wa matanga haukanyagwi na kiatu, na sasa ulikuwa umekata njia. Kila mtu alivua kubadhi, akavuka, akavaa. Jumbe Ngwali akachoka.

"Bi Kazija, mkeka huu unakwenda wapi?"

"Mbele."

"Mila inasemaje?"

"Inasema mwenye msiba asitoke kwenye mkeka. Hajatoka."

"Lakini mkeka uko kisimani!"

"Na yeye yuko juu yake."

Jumbe akafikiri. Akaukagua mshono. Ulikuwa mmoja, tangu chumbani mpaka kisimani, haukukatika popote. Akavua kubadhi zake, akavuka.

Faki akawa analeta ukindu. Alileta matita manne kwa siku, akayabwaga, akasema hana haraka.

Nyumba ya tatu. Nyumba ya nne. Nyumba ya tano. Ya sita. Na mbele ya nyumba ya saba ukindu ukaisha. Mikindu ya bondeni ilikuwa imekatwa mpaka imebaki uchi. Zilibaki hatua nne kufika kizingitini kwa Raya.

Mize alisimama ukingoni mwa mkeka. Mlangoni mtoto alikuwa amekaa anakula muhogo. Alikuwa na masikio ya Vuai.

"Mama!" mtoto akaita ndani. "Bibi wa mkeka kaja!"

Raya akatoka na unga mikononi. Akamwona wifi yake amesimama nje, kwenye jua, baada ya miaka miwili na zaidi. Unga ukamwagika.

"Wifi. Nikuletee?"

Machano akajificha nyuma ya miguu ya Raya.

"Usimlete," akasema Mize. "Nije mwenyewe."

Akageuka kwa Bi Kazija. "Ongeza."

"Ukindu umekwisha."

"Upo."

Bi Kazija hakuuliza uko wapi.

Mize akarudi juu ya mkeka njia nzima, nyumba sita, kisima, uwanja, mpaka chumbani. Akanyoosha mkono juu ya boriti. Akalishusha tita la Mboja. Vumbi likamwingia puani, akapiga chafya. Akakaa, akaliweka mapajani.

"Ni mkavu," akasema.

"Mkavu ukiukunja unakatika," akasema Bi Kazija. "Utalowekwa kwanza."

Mize akafungua kamba. Mboja ndiye aliyeifunga, fundo la kitoto, fundo juu ya fundo. Juu palikuwa na ukindu mzuri, mrefu, uliochaguliwa. Akatoa, akatoa. Kisha akasita. Akaingiza mkono katikati ya tita. Akatoa nyasi. Akatoa nyasi tena. Akatoa jani kavu la mgomba lililokunjwa mara nne. Akatoa ganda la konokono.

"Bi Kazija."

"Naam."

"Humu mna nyasi."

"Zimo."

"Amejaza nyasi katikati lionekane nene!"

"Wote hujaza."

"Wote?"

"Hata wewe ulijaza. Mimi ndiye niliyekuwa nakupokea. Mwaka mmoja ulitia jiwe."

Mize akalitazama ganda la konokono. Miaka miwili alikuwa anamwona mtoto mmoja tu: amelowa, anatetemeka, anasema "Nimeleta, mama." Mtoto huyo hakuwa na pengo wala maneno mengi. Sasa akamwona mwingine. Huyu alikuwa bondeni, mvua inampiga, ameweka kisu chini, anakimbizana na konokono, halafu anaona giza linaingia, anasema lahaula, anakata majani ya juujuu, anajaza nyasi.

"Mwongo mkubwa we!" Mize akasema.

Akacheka. Kicheko kikatoka kama mlango ulioshika kutu, kri, kri, kri. Halafu kikageuka njiani. Akalia. Alilia kwa sauti mpaka Vuai akaja mbio kutoka shambani, jembe mkononi.

"Kuna nini? Kuna nini?"

"Mwanao alinidanganya," Mize akasema, akamwonyesha nyasi.

Vuai akaziangalia. Akalipindua lile jani la mgomba lililokunjwa mara nne.

"Alikuwa fundi," akasema.

Akaweka jembe chini. Akavua kubadhi, akakaa kwenye mkeka karibu na mkewe, kwa mara ya kwanza tangu matanga. Akalia naye. Bi Kazija akaendelea kuchambua. Ukindu upande huu, nyasi upande ule.

"Ulijua?" Mize akamuuliza baadaye.

"Nililipokea mimi. Nilijua."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ungenipiga nalo."

Mize akafikiri. Ni kweli, angempiga nalo.

Wakauloweka ukindu siku hiyo. Siku ya pili, tangu asubuhi, Mize akasuka. Hakumpa mtu mwingine. Chwa, chwa, chwa. Adhuhuri akaubeba ukili, akapita nao juu ya mkeka mpaka nyumba ya saba, akaushona. Kijiji kizima kilikuwa na shughuli pale njiani siku hiyo. Huyu anafagia palipokwisha fagiliwa, yule anatafuta kuku asiyepotea. Faki alisimama tu. Hakuwa na la kusingizia.

Mize akatembea juu ya ukili wa Mboja. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu.

Ukaishia hapo.

"Umepungua hatua moja," akasema.

"Umepungua," akasema Bi Kazija.

"Ni zile nyasi."

"Ni nyasi."

Mbele yake palikuwa na ardhi tupu, hatua moja, kisha kizingiti, kisha mtoto. Ukindu mwingine haukuwepo. Mboja alikuwa amempunja mama yake hatua moja kamili.

"Mboja wewe," Mize akasema kwa sauti ndogo, kama mama anayemwita mtoto ndani ale.

Akainua mguu. Akaushusha chini. Pa!

Ardhi ilikuwa ya moto, jua la adhuhuri, na nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga.

"Ai! Ai! Ai!" Mize akarukaruka.

Machano akacheka. Alicheka mpaka muhogo ukamtoka mkononi. Akauokota, akaupangusa, akakata kipande, akampa.

"Bibi wa mkeka, kula."

Mize akala. Ulikuwa na mchanga, na ulikuwa na ladha ya muhogo.

Halafu akageuka, akainama, akaanza kukunja. Aliukunja kutoka mlangoni kwa Raya mpaka barazani kwake, hatua mia na ishirini, kwa mikono yake mwenyewe, na miguu yake juu ya udongo. Machano alimtangulia akirukaruka juu ya sehemu ambayo haijakunjwa. Ulipofika nyumbani mkeka ulikuwa mnene kama ng'ombe, haukupita mlangoni; akakivuta nje kipande cha chumbani, akamalizia hapo. Wakauacha barazani, watu wakawa wanaukalia.

Ijumaa Faki akaja.

"Shikamoo, mama. Bado?"

"Marahaba. Tayari."

Faki akakuna kichwa.

"Ngoja nikamuulize mama yangu kwanza," akasema.

Msinidhanie nasema Mize alipona siku ile. Palikuwa na asubuhi ambazo uzito ulirudi, akalala mpaka mchana, na Bi Kazija akaja kusuka pembeni kama zamani. Machano alimwita bibi wa mkeka mpaka mavuno yakapita. Kisha akamwita mama wa mkeka. Mwishowe akawa na mama wawili, nyumba ya kwanza na nyumba ya saba, akawa anakula kote kuwili. Na kila mwaka, siku aliyokufa Mboja, Mize alivuta kutoka katikati ncha ya ule mkeka, zile hatua tatu tu, akaikalia mpaka adhuhuri, akasema naye. Kisha akaikunja.

Bi Kazija naye akafa, kwa uzee, ukili ukiwa mkononi. Hakuwa na mtoto. Mize ndiye aliyeukalia mkeka wake. Siku ya arubaini ikafika, Mize hakusimama. Hakuna aliyekuja na uji wa kumharakisha. Alikuja jirani na ukindu, akamuuliza, "Unataka kwenda wapi?" Siku ya hamsini na mbili Mize akaukunja.

Tangu hapo, katika kijiji kile, mkeka wa matanga hushonewa mikia miwili, mmoja wa nyuma na mmoja wa mbele. Na watoto wakirudi bondeni na matita, mpokeaji huyapima kwa mkono, akasikia nyasi zimo katikati, akasema, "Ahsante, mwanangu. Ingia ndani, mvua inakuja."

Mafunzo yake ni haya: mwenye msiba havutwi mkono. Muulize anataka kwenda wapi, umwongezee ukili. Na ukiishiwa ukindu, usiogope. Hatua ya mwisho ni yake.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na ukindu umeniishia. Mwenye tita lake na alishushe.